Gurudumu la Shaba na Kofia ya Viua

Habari hii imepita vinywa vingi kabla ya kufika kwangu, na kila kinywa kimeitia chumvi yake, nami naipokea ilivyo: ya kwamba katika mji wa Zarkanu, mji wa kuta nyeupe na visima saba, alitawala Sultani Mundhiri bin Harithi, mtu wa nia njema na huzuni nyingi, na kidoleni mwake alivaa pete ya fedha yenye kito cheusi aliyoirithi kwa babu yake, na kwa pete hiyo alifungwa jini mmoja jina lake Kharbushi, na jini huyo alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kuzungusha gurudumu.

Gurudumu lenyewe lilikuwa la shaba, na kimo chake kilizidi watu wawili waliobebana mabegani, na ukingoni mwake lilitobolewa matundu membamba kama nyufa za mlango, na nyuma yake iliwaka taa kubwa iliyozungukwa na vioo. Mtu akiketi mbele yake katika ukumbi wa giza na kufumba macho, na jini akalizungusha, mwanga ulimpiga usoni ukakatika, ukampiga ukakatika, upesi kuliko kope, na ndani ya macho yake yaliyofumbwa, pale pasipo kitu, vilimjia vitu: nyavu nyekundu na kijani, na maua yanayofunguka, na duara ndani ya duara, na utando wa buibui uliojaa nyota. Watu wa zamani waliliita ajabu, na siku za sikukuu waliwapeleka watoto wao kulitazama. Lakini ajabu haikai sana katika mji wenye serikali bila kufunguliwa ofisi.

Ikaundwa Diwani ya Maumbo, ikapewa waziri, na makatibu arobaini, na mhuri. Na Diwani ikatunga sheria ya kwamba moyo wa mtu hujulikana kwa gurudumu: mshitakiwa akalishwe juu ya mto mwekundu, na watazamaji watatu wakae mbele yake wamefumba macho, na wakiona ua, basi moyo wake ni safi na aende zake, na wakiona wavu, basi amenaswa na dhambi yake na apewe adhabu. Mtazamaji mmoja aliwahi kusema hakuona kitu, akarudishwa kuketi siku nne mfululizo mpaka alipoona, na jambo hilo likaandikwa kuwa mfano wa subira ya dola. Na kwa miaka kumi na tisa sheria hiyo haikukosea hata mara moja, maana haikuwapo ofisi ya kuandika makosa yake.

Jambo moja tu watu walilitambua, nalo ni kwamba wenye majoho wote walionekana na maua, na wachukuzi na wafinyanzi na wauza maji wote walionekana na nyavu. Waziri Fakhrudini, mkuu wa Diwani, aliandika kitabu cha juzuu tatu kueleza kwa nini mioyo ya wakubwa ni bustani.

Na Sultani naye alikuwa na lake. Alizaa binti mmoja, Bi Shamsa, na binti huyo alikufa kwa homa akiwa na umri wa miaka saba. Baada ya mazishi Sultani alikwenda kuketi peke yake mbele ya gurudumu, saa za alasiri, na katika ule mwanga unaopepesa akauona uso wa mwanawe ukifunguka kama ua na kumtazama. Tangu siku hiyo hakukosa alasiri hata moja. Na kila aliyempenda Sultani aliliheshimu gurudumu kwa ajili hiyo, na hakuna aliyethubutu kuliuliza neno.

Sasa, katika mtaa wa washonaji alikaa msichana yatima, Mwanate binti Athumani, fundi wa kofia za viua, na aliposwa na kijana aitwaye Shekuwe bin Ghazali, na harusi yao ilipangwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Shekuwe alikuwa ameajiriwa na Diwani kuwa mtazamaji, na kazi ya mtazamaji ilikuwa nyepesi: kufumba macho na kuandika. Alifanya kazi hiyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliletwa mama mmoja mfinyanzi, na watazamaji wakafumba macho, na gurudumu likazunguka, na Shekuwe akafumbua. Kisha akaandika hivi: “Nilipofumba niliona wavu. Nilipofumbua niliona gurudumu lenye matundu, na taa nyuma yake, na mama analia.”

Katika sheria zote za Diwani hakuna iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko ile inayomkataza mtazamaji kufumbua macho. Shekuwe akatiwa gerezani jioni ile ile.

Mwanate alipokwenda kumwona, akamkuta ameketi penye mwanga mdogo wa dirisha.

“Kwa nini ulifumbua?” akamwuliza.

“Nilisikia mtu analia. Nilitaka kuona ni nani.”

“Na kuandika je?”

“Niliandika nilichokiona, Mwanate. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.”

“Shekuwe, pale hakuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.”

Shekuwe akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. “Nitawekwa mbele ya gurudumu Alhamisi ijayo, saa moja asubuhi, wa kwanza. Wakiona wavu watanitoa macho. Wanasema kiungo kilichokosa ndicho kinachoadhibiwa.” Akasogea ukutani. “Njoo ukae huku kwenye mwanga. Nikutazame vizuri.”

Mwanate akakaa, akatazamwa mpaka mlinzi alipogonga mlango.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, Mwanate alikuwa mlangoni pa Diwani, mbele ya meza ya katibu mzee aitwaye Nabahani, ambaye kilemba chake kilikuwa kimefifia kwa miaka ya utumishi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mwanangu. Una haja gani?”

“Nataka kuonana na Sultani kabla ya Alhamisi ijayo.”

“Ombi la kuonana na Sultani huandikwa nakala tatu,” akasema Nabahani, bila ukali, kama mtu anayesoma hali ya hewa, “na kila nakala hupita meza nne, na kila meza huilaza siku mbili. Kwa hiyo Alhamisi utaonana naye, lakini siyo Alhamisi hiyo.”

“Basi kesi ya mchumba wangu isogezwe alasiri.”

“Baada ya adhuhuri ni zamu ya wenye majoho. Wao hawaamki mapema, na si adabu kuwangojesha. Wanyonge tunawaanza asubuhi, wapate kuwahi kazini.”

“Au gerezani.”

“Au gerezani,” akakubali katibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. “Kaa kwenye benchi lile. Kusubiri hakuhitaji nakala.”

Mwanate akakaa, na benchi lile liliegemea ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta huo ndipo lilipokuwa gurudumu. Akatoa kitambaa cheupe na sindano, kwa sababu fundi hawezi kungoja mikono mitupu, akaanza kushona. Na kazi ya viua ni hii, kwa asiyeijua: fundi hutoboa kitundu kidogo, akakizungushia uzi kisizibe, akatoboa kingine jirani yake, na kingine, mpaka kofia nzima ni vitundu, na mvaaji akipita watu husema, tazama maua yale. Mkono wa fundi una mwendo wake, na fundi akisikia ngoma au mtu anayetwanga, mkono hufuata bila yeye kujua.

Basi mkono wa Mwanate ukafuata mvumo wa gurudumu. Asubuhi sindano ilikimbia mpaka ikamchoma kidole, na adhuhuri ikatulia, na alasiri ikawa inakokota kama mtu anayesinzia. Siku ya kwanza alidhani ni uchovu wake mwenyewe. Siku ya pili alishona alasiri tu, akiwa amepumzika, na sindano ikakokota vile vile. Siku ya tatu akaanza kuwauliza waliotoka ukumbini, kwa sauti ya chini, wameambiwa nini. Mchukuzi wa saa moja: wavu. Muuza maji wa saa mbili: wavu. Mpika mandazi wa saa nne: wavu, ila mtazamaji mmoja aliona kitu kama nyota. Kadhi wa saa nane, aliyeshitakiwa kwa jambo ambalo mji mzima ulilijua na kulionea haya: ua, na tena ua kubwa.

Siku ya nne aliweka sikio ukutani, na chini ya mvumo akasikia pumzi, pumzi nzito ya kiumbe anayepanda mlima na mzigo, na kila saa ilivyokwenda pumzi ilizidi kukatika na gurudumu lilizidi kupunguza mwendo. Ndipo sindano ilipomwanguka. Gurudumu likienda mbio, jicho huona wavu. Likienda polepole, jicho huona ua. Na aliyeketi kwenye mto mwekundu, awe mwizi au awe walii, hakuongeza wala kupunguza kitu. Nguvu za jini asubuhi ndizo zilizokuwa dhambi za maskini, na uchovu wa jini alasiri ndio uliokuwa usafi wa wakubwa.

Akainuka akaenda kwenye meza. “Babu, kuna kitu chochote kinachomfikia Sultani bila nakala tatu?”

Nabahani akafikiri sana, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameulizwa swali jipya. “Chakula chake,” akasema. “Na kofia yake. Iko desturi ya kale, fundi akileta kofia siku ya Alhamisi kwa ajili ya Ijumaa, Sultani huipokea kwa mkono wake. Ilikusudiwa kufutwa, lakini aliyeandika ombi la kuifuta alikufa kabla ya nakala ya tatu.” Akamtazama yule binti na kitambaa chake. “Kazi yako ni nzuri. Itakwisha Alhamisi?”

“Itakwisha, babu.”

“Basi mimi sikukuona,” akasema Nabahani, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuandika.

Ikafika Alhamisi, na kwa kuwa adhabu ya kiungo haitolewi bila Sultani kuwapo, Sultani Mundhiri alikuja ukumbini asubuhi, jambo lililokuwa nadra, akaketi kitini akiwa na uso wa mtu asiyelala. Shekuwe akaletwa amefungwa kamba. Mwenye visu akakaa pembeni, akiwa na kitambaa safi magotini. Waziri Fakhrudini alipofungua mdomo kusoma shauri, mlinzi akanadi kwamba fundi ameleta kofia ya Ijumaa, na desturi ikamlazimu Waziri kuufunga.

Mwanate akapiga magoti, akatoa kofia kwa mikono miwili. Sultani akaigeuza karibu na taa. “Maua mazuri,” akasema. “Na katikati nyota ya pembe nane.”

“Maulana, niwie radhi. Liguse ua moja kwa kidole.”

Sultani akagusa. “Nagusa kitambaa. Na matundu.”

“Ni matundu elfu moja na mia mbili, Maulana, na ua sikushona hata moja. Mimi hutoboa tu. Jicho la mwanadamu halipendi matundu matupu. Huyakusanya, likayapa umbo, likalipa umbo jina.”

Waziri akakohoa. “Maulana, somo la kofia halimo katika ratiba ya leo.”

“Liache,” akasema Sultani. “Binti, hukuja kwa ajili ya kofia.”

“Nimekuja kwa ajili ya yule aliyefungwa kamba. Naomba kabla ya kupimwa yeye, gurudumu limpime mwingine, sasa hivi, asubuhi hii, mtu ambaye mji mzima hauna shaka na usafi wake. Likimwona msafi, basi yatoeni macho ya Shekuwe, na yangu pia. Mshonaji bila macho hana alichobakiza, kwa hiyo Maulana anajua kwamba sifanyi mzaha.”

Waziri Fakhrudini akanyoosha kilemba chake, akijua ni nani atakayetajwa.

“Unamtaka nani?” akauliza Sultani.

“Marehemu Bi Shamsa.”

Shekuwe akatikisa kichwa kumkanya, na mlinzi akashika mpini wa upanga akamtazama bwana wake. Sultani akatia mkono katika joho lake, akatoa kikuku kidogo cha mguu, cha fedha, chenye njuga tatu, akashuka kitini, akakiweka mwenyewe juu ya mto mwekundu. Akamwinua mtazamaji mmoja, akakaa mahali pake. Akafumba macho, akasema, “Zungusha.”

Jini alikuwa amelala usiku kucha na nguvu zake zilikuwa tele. Gurudumu likanguruma, na mwanga ukapiga na kukatika. Wakakaa hivyo kadiri ya mtu kusoma Yasini. Kisha likasimamishwa.

Mtazamaji wa kwanza akapiga magoti. “Maulana,” akasema, “naona… Maulana, nihurumie.”

“Sema.”

“Wavu.”

“Wavu,” akasema wa pili, akalia.

Sultani akafumbua macho, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango wazi na vyumba vitupu. “Nami nimeona wavu,” akasema. “Nimemtafuta kila pembe. Hayumo.”

“Maulana,” akasema Waziri kwa upole, “huenda marehemu alikuwa na kosa dogo la kitoto ambalo Diwani haikupata kuarifiwa.”

Sultani akamgeukia akamtazama, na Waziri akarudi nyuma hatua tatu, na tangu hapo hakusema tena siku ile. Ndipo Sultani akaigeuza pete kidoleni na kuita, “Kharbushi.”

Sauti ikatoka nyuma ya gurudumu, nene na ya kuchoka. “Labeka, mwenye pete.”

“Ndani ya gurudumu mna nini?”

“Mwanga na kivuli, kivuli na mwanga. Kingine hamna.”

“Miaka kumi na tisa! Mbona hukusema?”

“Niliapishwa nisiseme ila nikiulizwa na mwenye pete. Nami nimengoja kuulizwa. Wamekuja makatibu wakapima kipenyo changu, na akaja mtu kuhesabu vidole vyangu, na mwaka wa tano nilipelekewa karatasi ya kujaza ukoo. Swali hilo halikuwamo.”

Sultani akashika ukingo wa gurudumu, na sauti yake ikapungua. “Na binti yangu? Alasiri zote zile?”

Jini akajibu kwa sauti ya chini. “Bwana wangu,” akasema, “sijapata kumwona. Nilikusikia tu ukizungumza naye. Mwanzo nilikuwa nikienda polepole kwa sababu nilikuwa nimechoka. Baadaye nikatambua kwamba nikiongeza mwendo unanyamaza, na nikipunguza unamwita jina. Basi hata siku ambazo sikuchoka, alasiri nilikwenda polepole. Sikuamriwa. Ni kwamba nami nina watoto, ng’ambo ya mlima Kafu, na sijawaona tangu siku ya pete.”

Sultani akaketi chini, juu ya sakafu ya mawe, karibu na kile kikuku. Akamwambia Mwanate, “Nilimzika mara moja. Leo umenizikisha tena.”

Mwanate akasogea kwa magoti, akaiokota kofia iliyokuwa imeanguka, akaiweka mbele yake. “Maulana, mimi nilitoboa, na ua likatoka machoni mwako. Gurudumu nalo lilitoboa mwanga tu. Shaba haijui sura ya mtoto, na jini anasema hakumwona. Sasa uso ule, na macho yale yaliyokutazama, vilitoka wapi? Mimi ningekaa mbele ya gurudumu hilo nisingemwona Bi Shamsa hata kwa miaka mia. Alitoka kwako, na aliyetoka kwako hafungwi ndani ya gurudumu, wala gurudumu likivunjwa havunjiki.”

Sultani akaitazama kofia kwa muda, matundu yake na maua yake. Akawaamuru makatibu wote waweke kalamu chini. Kisha, katika ukumbi ule wenye taa iliyotulia na gurudumu lililosimama, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka jua lilipopanda, na hakuna aliyekohoa. Alichokiona hakikuandikwa popote, na ndiyo maana hakuna anayekibishia. Ila waliokuwapo wanasema alipofumbua macho alikiokota kikuku, akakitikisa mara moja, njuga zikalia, akakirudisha kifuani.

“Mfungueni kamba,” akasema, “kijana aliyefumbua macho katika nyumba hii.”

Siku ile ile walitolewa gerezani watu wote walionaswa na nyavu za asubuhi, wakaandikiwa kusikilizwa upya kwa ushahidi wa ndimi na mikono, na wenye majoho wakaandikiwa vivyo hivyo, jambo lililosababisha safari nyingi za ghafla nje ya mji. Diwani ya Maumbo haikuvunjwa, kwa maana hakuna aliyejua mahali pa kupeleka makatibu arobaini. Ila Nabahani alipewa uongozi wake, na amri yake ya kwanza ikawa nakala moja. Waziri Fakhrudini aliruhusiwa kustaafu na juzuu zake tatu. Na Sultani akaivua pete, akaiweka juu ya jiwe, akaivunja kwa mkono wake mwenyewe. Kharbushi aliulizwa anataka zawadi gani kabla ya kurudi kwa wanawe, naye akasema, kwa haya, kwamba siku saba alisikia sindano nyuma ya ukuta ikimfuata mwendo, na kwamba hakuna aliyewahi kufanya kazi pamoja naye, na kama inawezekana angependa kofia. Washonaji wa mtaa mzima waliishona kwa miezi miwili, kwa tanga la jahazi, na matundu yake yaliweza kupita ngumi.

Mfungo mosi ulipofika, Mwanate na Shekuwe wakaoana, na Sultani akawapa nyumba yenye madirisha mapana, na vitambaa, na shamba la minazi, na yeye mwenyewe akaja harusini amevaa ile kofia ya viua, kama alivyoivaa kila Ijumaa mpaka alipoitwa na Mola wake. Na ukungwi ulipokwisha na bwana harusi akafunua mtandio, alikaa akimtazama bibi harusi.

“Unaona nini?” Mwanate akamwuliza.

“Ngoja,” akasema Shekuwe. “Bado natazama.”

Basi ewe msikilizaji, jicho la mwanadamu ni fundi asiyelala, hupewa matundu likashona maua, na hakuna aibu katika kuona kisichokuwapo, maana ndivyo tulivyoumbwa. Aibu ni kumhukumu mwenzio kwacho, na kukataa kufumbua macho pale unaposikia mtu analia. Nami hapa nilipofikia ndipo uzi wangu ulipokatika. Mwenye sindano na aendelee.